Amina ya Bega Lililoteguka

Jumatano, 11 Agosti 1971
Gesima. Mazoezi ya kwaya. Makambi, mkutano wetu mkubwa wa kanisa wa kila mwaka, ni Sabato hii, Nyamira, na nitakayeongoza ni mimi! Nimewakumbusha: kwenye Amina, hakuna kufunga mdomo mpaka mkono wangu ushuke. Okemwa, msaidizi wangu, akanung'unika eti pumzi zina mwisho. Wivu tu. Nikapanda benchi wanione vizuri. Benchi likapinduka. Bega likateguka. Nililia mbele ya wasichana wote wa sauti ya kwanza.

Obwocha wa sauti ya nne akataka kunikanyaga kwapani avute mkono. Eti ndivyo alivyomtibu ndama wake. Mke wangu Kwamboka akamfukuza, akaufunga mkono kifuani kwa leso, tukaenda hospitali.

Alhamisi, 12 Agosti
Daktari kanipiga picha, kanichoma sindano, kauvuta mkono polepole. Kluk! Bega likarudi. Raha iliyoje! Halafu akaharibu: mkono ukae kwenye kitambaa shingoni wiki tatu, nisiuinue, maana bega likishatoka mara moja hutoka tena. Wiki tatu! Okemwa amekuja kunipa pole, tai mpya shingoni. Kwaya ataiongoza yeye, nisijali. Najali sana!

Sabato, 14 Agosti
Kwamboka kanionya: Baba Persis, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu guu langu ni zima. Nikavua kitambaa nyuma ya hema. Wimbo wa mwisho, nikampiga kikumbo Okemwa, nikasimama mbele. Mkono juu! Aaaamina! Bega likatoka, na safari hii mkono ukakwama huko huko juu. Haushuki! Kwaya nayo haifungi mdomo. Napiga yowe, wageni wa Nyamarambe wakadhani ni sauti ya tatu. Marion wa sauti ya kwanza akaketi chini, bado anaimba. Mwishowe Okemwa akainua mkono wake, akaushusha. Kimya. Amina yangu, kaifunga yeye! Hilo liliniuma kuliko bega.

Jumapili, 15 Agosti
Wodini. Bega limerudishwa, safari hii kwa dawa ya usingizi. Daktari anasema kano zimelegea. Nikirudia mchezo nitapasuliwa. Kwamboka ananilisha uji kwa hasira. Nimewaapia wote wawili kwamba nimejifunza.

Ila jirani yangu, mguu kwenye plasta, ana sauti ya nne ya ajabu! Mkabala wamelala wawili wa sauti ya tatu. Hakuna anayeweza kukimbia mazoezi. Nimeshawaeleza sheria ya Amina. Tunaanza kesho. Mkono wa kushoto bado mzima.