Majani ya Perpétue na Leseni Yangu

Jumatatu, 10 Novemba
Asubuhi mvua ya theluji, giza. Tumbo bado kimya. Kwa hesabu zangu hedhi itaanza Ijumaa. Mtihani wa udereva pia ni Ijumaa! Nani anapanga ratiba hii? Mara mbili nimeahirisha mtihani kwa ajili ya maumivu haya. Mara ya pili nilikuwa nimejikunja kwenye kiti cha treni kama jongoo. Mtihani wa nadharia niliopita unaisha nguvu mwisho wa mwezi. Nisipopata leseni kabla ya hapo, naanza upya kabisa.

Na Perpétue, Mkongo wa ghorofa ya tatu, kila asubuhi anapita kituo cha basi cha mtaa wetu hapa Hallonbergen, Uswidi, na kigari chake chekundu akinipigia honi. Zamani alikuwa akilia tumbo kuliko mimi. Anasema majani ya Kichina ndiyo yaliyomtuliza. Mtaalamu alimtazama ulimi, akauona wa zambarau, akasema damu imekwama, akampa pakiti kali ya kuchemsha.

Tatizo: ni mimi niliyesimama kwenye kikao cha kina mama nikasema Perpétue anakunywa mboji. Walicheka sana. Siwezi kumwomba. Nitaenda kwa mtaalamu mwenyewe, kimyakimya.

Jumanne, 11 Novemba
Mawingu. Nimejikagua kwenye kioo: ulimi wa waridi, hauna habari. Kwa ulimi kama huu nitapewa dawa ya watoto. Kwa hiyo nikanywa glasi mbili za supu ya blåbär, ile ya matunda meusi ambayo Waswidi hunywa wakitoka kuteleza kwenye theluji. Zambarau safi!

Mtaalamu ni mama Mchina wa makamo, Kiswidi chake kinashinda changu. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akaniambia nitoe ulimi. Nikautoa wote. Akauangalia weee. Kisha akauliza kama supu ilikuwa ya pakiti au nilipika mwenyewe.

Aibu! Halafu akauliza kama kuna daktari aliyewahi kunipima. Hapana. Akasema maumivu ya kumwangusha mtu kila mwezi yachunguzwe kwanza. Kabla ya hapo hanipi kitu. Nimeenda kutafuta majani, nimepewa mawaidha!

Jumatano, 12 Novemba
Upepo. Nikapanda kwa Perpétue. Nikamwambia nina binamu anayeishi mtaa wa Fittja, anateswa na tumbo, je, atamgawia pakiti moja tu? Akasema: pole yake, dada, lakini hii dawa haikopeshwi, walinipimia mie, kila tumbo na yake. Kisha akauliza kama huyo binamu naye huwa anacheka watu kikaoni.

Jikoni alikuwa anachuja sufuria yake ya dawa. Makapi yakaenda kwenye mfuko wa taka za chakula. Wazo! Nikajitolea kumshushia taka. Akanitazama, akasema kumbe Wakenya nao wana roho nzuri.

Nyumbani nikachambua mfuko. Nikatoa mwiba wa samaki na ganda la yai. Kilichobaki sikukitambua, kwa hiyo nikakihesabu kuwa dawa. Nikachemsha. Binti yangu Maya akauliza kwa Kiswidi kama kuna mnyama aliyefia ukutani. Kengele ya moshi ikalia. Bethuel, mume wangu, akafungua madirisha yote, akakaa na koti, akasema Mama Maya, hiki ni nini? Nikasema supu. Akasema basi leo amefunga.

Alhamisi, 13 Novemba
Baridi kali. Nimekunywa vikombe viwili. Ladha ya soli ya gambuti. Chooni mara tano. Nadhani inafanya kazi.

Ijumaa, 14 Novemba
Jua! Barafu kwenye vioo vya magari. Hedhi haijaja! Maumivu hakuna! Eti kila tumbo na yake! Perpétue anajua nini?

Dawa iliyobaki niliibeba kwenye themosi, kwa usalama. Mtahini aliitwa Axel, ndevu nyekundu. Kabla hatujaondoka akanusa, akashusha kioo. Nikaendesha kama malaika. Vioo, taa, waenda kwa miguu, vyote sawa. Tulipokaribia mzunguko, themosi ikabingirika kutoka chini ya kiti, ikaingia nyuma ya breki. Nikakanyaga. Breki haikushuka. Axel akakanyaga ya kwake. Themosi ikafunguka.

Nikamwuliza kama hilo si kosa la gari. Alikuwa na adabu sana. Akasema si kosa la gari.

Jumamosi, 15 Novemba
Sijui hali ya hewa. Hedhi imeanza alfajiri. Nililala kwenye sakafu ya bafu, shavu kwenye vigae, nikashindwa hata kuita. Bethuel yuko zamu. Maya, bila kuambiwa, akakimbia kumwita Perpétue. Akaja na koti juu ya gauni la kulalia, akanibeba hadi garini, akaendesha kwenda hospitali. Honi hakupiga.

Kwenye taa nyekundu akauliza binamu wa Fittja anaendeleaje. Nikasema hajambo. Akasema nimwambie ile sombe kwenye mfuko wa taka, yale majani ya muhogo, ilikuwa kiporo cha Jumapili.

Daktari ameshuku uvimbe kwenye kizazi. Amesema unatibika, amenipa dawa ya maumivu, na tarehe 27 nitapigwa picha ya tumbo. Akauliza kwa nini nimevumilia miaka yote hii. Nikasema nilikuwa nashughulikia leseni.

Jumapili, 16 Novemba
Ukungu. Maumivu yamepoa. Mtu amejitoa kwenye mtihani wa udereva, nafasi nimeinyakua! Tarehe 27, saa nne asubuhi. Picha ya tumbo ni saa tano na nusu. Bethuel akasema nichague moja. Kwa nini? Ni suala la mpangilio tu.

Karatasi ya hospitali inasema kibofu kiwe kimejaa: ninywe lita ya maji saa moja kabla, na nisiende haja. Baada ya mtihani sitakuwa na muda wa kunywa. Kwa hiyo nitainywa kabla ya kuwasha gari, niendeshe, nipite, niende moja kwa moja kupigwa picha.

Jioni nimefanya jaribio. Lita moja, kisha kwenye kiti cha jikoni, mikono kwenye sahani kama usukani. Nimefika dakika ishirini na mbili kabla ya kukimbilia choo. Mtihani wa Axel huchukua kama arobaini. Kesho nitajaribu nikiwa nimefunga mkanda.

Nalala saa saba na robo usiku; lita ile imenizungusha chooni hadi sasa.