Yai la Ghorofa ya Tatu

Jumatano, 4 Juni
Msiba! Mama ametuandikisha wote kwenye tamasha la sayansi la jiji, Jumamosi. Mashindano ya familia: mnafunga yai, linadondoshwa kutoka ghorofa ya tatu, lisipasuke. Nikasema watu watanitazama. Mama akasema watatazama yai, mimi nina nini cha kutazamwa? Kisha nikasoma zawadi. Familia moja tu. Usiku mmoja kwenye darubini kubwa, kuitazama Zohali! Nimeisoma katika vitabu vitatu. Pete zake sijawahi kuziona kwa macho yangu. Basi tunakwenda.

Alhamisi, 5 Juni
Baba ni fundi makochi. Amenipa vipande vya sponji. Nimefunga yai kwa sponji na soksi zake. Jaribio la kwanza, dirishani: uji. La pili, sponji zaidi: limepona! Lakini likipona moja na kufa moja, hiyo ni bahati nasibu, siyo sayansi. Jioni akaja binamu yangu, tunayemwita Bingwa kwa sababu hushinda kila kitu, na asiposhinda hatuambii. Akaniuliza kama nimeshachagua pa kulilia. Nikacheka. Alipoondoka sikucheka.

Ijumaa, 6 Juni
Wazo! Kuchemsha! Yai gumu halimwagiki. Likipata ufa, nitauficha kwa kidole. Nimechemsha moja wakati Bibi amelala, nikaliweka kwenye kibakuli cha bluu jikoni. Hakuna anayejua. Hii ni mikono ya mshindi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeota jaji ni kuku.

Ukumbi umejaa. Asubuhi nimelitoa yai kibakulini, nikalifunga, sikumtazama mtu usoni. Mayai ya wenzetu yote yamemwagika, isipokuwa la Bingwa: ufa mwembamba, halikuvuja. Letu likashuka. Likatua. Bila hata alama! Baba akaninyanyua mbele ya watu wote. Mama akapiga vigelegele.

Ndipo jaji, mama mmoja mwenye miwani, akasema sasa alivunje kwenye bakuli, ahakikishe ni bichi. Ni sharti. Limebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Mimi, msomaji wa vitabu vitatu!

Nikaona watu watakavyowanyooshea vidole Baba na Mama. Nikaomba nimpelekee mwenyewe. Nikajikwaa kwa makusudi, nikaliangukia kwa kifua ili nilisage lisitambulike.

Kitu baridi. Cha njano. Kikashuka hadi kwenye mkanda.

Bichi!

Jumapili, 8 Juni
Bibi ameeleza bila hata kuulizwa sana. Juzi aliona yai la kuchemsha limekaa tu peke yake, akalila na chumvi. Kisha akaweka lingine, mume wake asije akakosa yai la mashindano. (Mume wake ni mimi.) Akashangaa kwa nini nalia, yai moja tu jamani.

Kwa hiyo sponji ilifanya kazi. Tulikuwa tumeshinda, ila jaji alisema yai lisilofika bakulini halihesabiwi. Zohali imekwenda kwa Bingwa na ufa wake. Amepita kusema nisijali, akishaitazama atakuja kunisimulia.

Nimekaa chumbani nikafikiri sana. Nimeliona kosa langu.

Mwakani nitachemsha mawili. Moja la Bibi.