Mimi Si Doa la Bluu

Kwa Mwalimu wa Darasa la Uchoraji la Jumamosi

Ndugu Mwalimu,

Natumaini u mzima na mikono yako ni safi. Mimi ni mke wa yule mpima ardhi mstaafu anayekaa mstari wa mbele darasani kwako na kuuliza maswali mengi. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa heshima yenyewe imeanza kupungua. Nilikuletea mtu mwenye akili timamu umfundishe kuchora bustani kwa rangi za mafuta, kwa huo mtindo wenu wa mwanga mnaouita impreshonisti, ili aache kunisimamia jikoni akinielekeza namna ya kukata vitunguu. Umenirudishia mtu mwingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimwambia asichore kitu, achore mwanga unaokiangukia, na kwamba mwanga wa saa tatu si mwanga wa saa nne. Ameyapokea maneno hayo kama hukumu ya mahakama. Kila siku saa tatu asubuhi bustani lazima iwe kama ilivyokuwa siku alipoanza. Shuka jeupe lililokuwa kambani siku ile linatakiwa kuwepo, tena likiwa bichi, kwa kuwa shuka kavu, eti, lina kivuli kingine. Nimelifua mpaka sasa ukilishika unaona vidole vyako upande wa pili.

2. Magugu hayang'olewi, yana zambarau. Nyanya hazichumwi, maana ndizo nyekundu pekee upande wa kushoto. Zimeozea kazini.

3. Mtu huyu aliwahi kumnunia jirani mwaka mzima kwa sababu ya ua uliosogea upana wa kiganja. Kwenye picha ua haupo. Anasema unakata mwanga. Juzi nimetoka sokoni nikakuta ameung'oa ule wa kweli, na kuku wa jirani wamejaa kwenye mboga zangu. Anasema kahawia yao inasaidia.

4. Kisu changu cha siagi ndicho anachopakia rangi. Mkate unanuka tapentaini yake ya kuoshea brashi.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Siku alipoanza nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimevaa gauni la bluu, nachambua mboga. Kosa langu. Tangu hapo kila saa tatu nakaa palepale, gauni lilelile, shingo imeinama. Nikikohoa, anashusha brashi na kusubiri. Anafumba jicho moja, analifinya la pili, ananitazama mpaka najiuliza nimeiba nini. Amegundua kuwa shavu langu la kushoto lina kijani. Mtu niliyezaa naye watoto wanne, na hakuwahi kujua hata nilipobadilisha miwani!

Basi nikaenda kujiona. Mwalimu, mimi ni doa la bluu lenye doa dogo la kahawia juu yake. Nilipouliza pua yangu iko wapi, nikajibiwa kuwa asiyejua maana haambiwi maana, nirudi nyuma mpaka mlangoni nitajiona. Nilirudi nyuma mpaka barabarani. Niliona doa lilelile, dogo zaidi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, uchague moja: umfundishe pua, au uje wewe mwenyewe kesho saa tatu, uvae gauni langu, ukae kitini. Vinginevyo umfukuze darasani, anirudie jikoni na vitunguu vyake.

Nisalimie wanafunzi wenzake wote, na zaidi wake zao, popote walipokalishwa. Wa nyumbani kwako nao wape salamu.

Ni mimi, maji yakiwa yamenifika shingoni,

Mke wa Mpima Ardhi

N.B. Jana, kabla sijaifunga bahasha, mzee aliingia na kusema picha imekwisha. Sasa anachora bakuli la matunda, ndani, mezani. Leo saa tatu nimejikuta nimekaa kitini na gauni langu, nachambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Amepita na papai mkononi, hakugeuka. Mwalimu wangu, nakusihi: Jumamosi akikuletea picha ile, mwambie haijaisha. Mwambie lile doa la bluu lina makosa mengi na linahitaji kutazamwa upya. Tena mwambie asifanye haraka.