Kadi Mbili, Paa Moja

Jumamosi, 3 Mei

Nimemkosea shemeji. Naandika mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Jana jioni kiwandani tulimuaga mlinzi, anastaafu. Keki, soda, viti vya plastiki katikati ya magodoro. Magongo, mtunza stoo, akasimama kuchekesha. Paa la stoo lilipoanguka mwaka jana liliondoka na mguu wake. Akasema tangu siku ile soksi zake zinadumu mara mbili. Watu hoi! Hata shemeji alicheka. Na shemeji, tunayefanya naye kazi hapahapa kiwandani, ndiye mjane wa fundi wetu wa kushona, rafiki yangu, aliyefia chini ya paa lilelile.

Mdomo ukaniwasha. Nikasimama nami. Nikasema marehemu hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, paa likamkuta. Sisi wachelewaji wote tupo, tunakula keki.

Hakuna aliyecheka. Shemeji akaweka soda chini, akasema ahsante, shemeji. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Ahsante! Afadhali angenitukana.

Jumapili, 4 Mei

Mke wangu anaongea na mimi kupitia watoto. Mwambieni baba yenu chai ipo. Nikamuuliza moja kwa moja: msiba unachekewa baada ya miezi mingapi? Hii ya nane haitoshi? Akasema nikamuulize mwenye msiba, na nikienda nipite na taka.

Nikatoa taka. Nikaenda kwa Magongo badala yake. Nikamwambia anihurumie, mzaha ni mzaha, kwa nini wake unachekwa na wangu unanuka? Alikuwa anamenya chungwa. Hata hakuinua macho. Akasema yeye paa lilimwangukia. Mimi lilinidondokea wapi?

Nimerudi nikiwaza. Ana hoja. Mwenye kidonda ana ruhusa. Basi shida yangu ni moja tu: sina kidonda.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeenda kazini na bendeji kwenye kiwiko. Walioniuliza nikawaambia ni maumivu ya tangu ajali ile, huwa nayaficha tu. Asubuhi mambo yalienda vizuri. Dada mmoja wa kukata sponji alinipa pole.

Mchana nilinawa mikono, nikaifunga bendeji upya. Magongo akatangaza stoo nzima kwamba maumivu ya bwana huyu yana miguu, yamehama mkono wa kulia yameenda wa kushoto.

Kila mtu alicheka isipokuwa shemeji. Yeye alikitazama kiwiko, halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumanne, 6 Mei

Mpango mpya, huu wa kiungwana. Kila mfanyakazi ana haki ya godoro moja kwa mwaka. Nimechukua langu, jipya kabisa, bado lina nailoni. Nimelituma kwa shemeji na mtu wa mkokoteni, pamoja na kikaratasi: Samahani, shemeji, upumzike.

Saa kumi likarudi. Mtu wa mkokoteni alitumwa aniambie, neno kwa neno: shemeji anashukuru, lakini hili ni la watu wawili, na yeye siku hizi analala peke yake.

Mungu wangu. Futi sita kwa sita! Kwa mjane! Sikufikiri kabisa. Nilitazama unene tu.

Mke wangu amesema anaona ni heri nirudie mizaha.

Alhamisi, 8 Mei

Leo mapumziko ya chai shemeji alikuja hadi kwenye mashine yangu. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza. Akasema mzaha wangu alishauzoea kichwani, kilichobaki ni swali. Ni kweli mume wake hakuwa mchelewaji, lakini hakuwa mtu wa kuwahi hivyo pia. Siku ile aliondoka nyumbani gizani, bila chai. Kikombe alikiacha mezani kimejaa. Alikuwa na haraka gani? Mimi rafiki yake sijui?

Nikasema sijui, shemeji.

Najua.

Nilikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa. Ya tatu ni kufukuzwa. Kwa hiyo nilimwomba awe ananigongea kadi yangu ya mahudhurio kwenye mashine ya saa, hapo mlangoni pa stoo. Mtu mmoja hawezi kugonga kadi mbili karani akiwa amekaa hapo. Karani huingia saa moja kasoro dakika kumi. Ilimbidi awahi. Paa lilianguka saa moja kasoro robo. Kadi yangu ya siku ile imegongwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Mimi nilikuwa kitandani.

Kwa mujibu wa kadi, nilinusurika! Meneja alinipa pole na mapumziko ya siku tatu. Niliyachukua.

Ndiyo maana huwa nawahi kuchekesha habari hii kabla ya mtu kuuliza. Watu wakiwa wanacheka hawaulizi. Ijumaa ile hawakucheka.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeamua. Usiku nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu keki ile. Mke wangu nimemweleza yote. Amelia, kisha akanipigia pasi shati jeupe.

Jumatatu tarehe 12, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitakuwa mlangoni kwa shemeji. Siku hiyo yeye anaingia zamu ya mchana, atakuwa ametulia. Nitamwambia kwa nini mume wake aliacha chai. Nitamkabidhi kadi yenyewe ya siku ile, bado ninayo, marehemu aliikunja pembe kama alivyozoea. Akitaka kuipeleka kwa meneja, aipeleke. Sitasema mzaha hata mmoja.

Tatizo ni kwamba kutoka kwake hadi kiwandani siwezi kuwahi saa moja, na zile barua mbili bado ziko kwenye faili langu. Lakini nimeshapanga. Nimemwomba Magongo anigongee kadi. Kanung'unika sana, kwamba na magongo yake itambidi atoke nyumbani gizani, bila chai. Mwisho kakubali.

Nimemwambia asijali, paa ni jipya.