Noti Bandia ya Bibi Haffley

Delbert Krumrine alikuwa na pua ya kunusa hela. Jumamosi ile, kwenye maonyesho ya noti za kale katika ukumbi wa zimamoto wa mji mdogo wa Pennsylvania, hela iliingia imevaa gauni jeusi na kukumbatia Biblia.

"Bwana, hii nimeikuta kwenye Biblia ya marehemu mume wangu," alisema yule bibi, Ottilie Haffley. "Nawe una sura ya mtu mwema."

Sura hiyo Delbert alikuwa ameifanyia kazi miaka ishirini.

Ilikuwa noti ya dola arobaini ya mwaka 1778, wakati Wamarekani wakipigana na Mwingereza. Delbert akaigeuza mezani pake, katikati ya noti alizokuwa akiuza. Nyuma, kwa wino uliofifia, palikuwa na neno BANDIA. Enzi zile Mwingereza alimwaga noti feki ili kuwavuruga waasi, na wakaguzi walipozinasa waliziandika hivyo. Leo wakusanyaji, watu wazima wenye akili zao, hununua feki hizo kwa mara kumi ya bei ya halali.

"Mbona imeandikwa hivyo? Ni feki?"

"Watoto hao, mama. Watoto na kalamu! Hii ni halali kabisa, ila ziko tele. Nikupe sitini?"

"Hela huisha, bwana. Nipe ile yenye nyoka."

Delbert akaitazama. Noti ya jimbo la Georgia yenye mhuri wa nyoka aliachiwa na baba yake, na ndicho kitu pekee pale mezani alichokipata kwa njia safi. Hakuiuza hata mwaka ule alipokuwa akilala ndani ya gari. Lakini mara kumi ni mara kumi.

"Haya, mama. Kwa kuwa umefiwa."

"Mungu akuzidishie. Niandikie basi kuwa yangu ni halali. Wifi yangu ana maneno, yule! Asije akasema nimeuza feki."

Akaandika, akatia sahihi, kisha akakimbilia meza ya mzee Nevin Rupp, mtaalamu wa feki, aliyekuwa akinywa supu ya kuku na mahindi. Rupp akaiinamisha noti chini ya taa. Karatasi ikameremeta.

"Chembe za ulanga hizo, madini ya kung'aa waliyochanganya kwenye karatasi. Feki hazina. Noti yako ni halali, Delbert."

"Tazama nyuma, mzee!"

"Nimetazama. Wino wa juzi, umepakwa chai. Ungepata mia. Ilivyochafuliwa hivi, labda kumi na tano."

Delbert alimkuta Bibi Haffley nje akiiweka Biblia kwenye buti la gari, juu ya Biblia nyingine sita.

"Umenitapeli!"

"Kwa noti halali?" Bibi akaikunjua ile karatasi. "Si umeandika mwenyewe? Ungeniambia tu kwamba feki zina bei, ningeondoka na noti yangu. Waaminifu huwa siwauzii."

"Ile ilikuwa ya baba yangu."

"Basi baba yako alikuwa na jicho la kuchagua," akasema bibi kwa upole, akawasha gari.

Delbert alirudi mezani akiwa na aibu ambayo hakuwahi kuionja. Saa tisa mteja mmoja akaiokota ile noti, akasoma nyuma, akauliza kama ni halali. Delbert akaapa kwa Mungu mmoja kuwa ni halali. Mteja akamtazama usoni, akacheka, akaenda zake.