Kapu la Mwalimu wa Yoga

Sukari, aliyebandikwa jina hilo kwa utamu wa maneno yake, alikuwa kwenye benchi la zahanati akifaidi feni ya bure. Ugonjwa hakuwa nao. Pembeni yake mwokaji mikate tajiri na mkewe walikuwa wakilalamikia migongo, na masikio ya Sukari yakasimama.

"Dawa yenu ni yoga," akajipenyeza. "Ilianzia India maelfu ya miaka iliyopita. Maana yake ni kuunganisha mwili, pumzi na roho. Hulainisha mgongo, huleta usingizi. Mimi nilijifunzia mlimani, kwa wazee wenyewe."

Mlima wenyewe alikuwa ameuona kwenye kalenda.

Mwokaji akawaalika rafiki zake, na Jumamosi ukumbi wake ukajaa matajiri wenye soksi. Sukari, ili aonekane mtu, alikuwa amevaa pete ya dhahabu ya shemeji yake, aliyoiazima bila kuomba. Ilibidi irudi kabatini kabla mwenyewe hajarudi jioni.

"Vueni vito na saa, na simu pia, mtie kwenye kapu hili," akaamuru. "Madini huziba pumzi."

Ili kuwatoa hofu, alitangulia kuitumbukiza pete ile kapuni. Wakishafumba macho, basi yeye na mlango, mlango na yeye.

"Na wewe mwalimu, utakaa umekunja miguu hivyo mpaka mwisho?" akauliza bibi mmoja wa miwani, kwa unyenyekevu.

"Bibi yangu, mimi hukaa hivi hata siku nzima!"

Kupenda sifa ni kubaya, jamani. Akapandisha mguu huu juu ya paja lile, na ule juu ya hili, akahubiri faida za pumzi mpaka jasho likamtiririka.

"Sasa laleni chali kama maiti. Asifumbue mtu macho."

Mwokaji akaanza kukoroma. Usingizi, tuseme haki, yoga inauleta. Sukari akajaribu kuinuka. Miguu imekufa ganzi, haisikii la mtu. Akaivuta kwa mikono, wapi!

Bibi wa miwani akaamka taratibu, akabeba kapu, akamwinamia sikioni.

"Pumua, mjukuu wangu," akanong'ona. "Ganzi itaachia yenyewe."

Akatoka.

"Mwizi!" Sukari akapiga yowe. Wote wakafumbua macho: kapu halipo, mwalimu yupo. Mwokaji akaenda kukomea mlango.

"Si mimi! Ni yule bibi! Na pete ya shemeji yangu imo humo!" Alilia machozi ya kweli, na kila neno lilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyemwamini.

"Tulia, mwalimu," akasema mke wa mwokaji, akikunja mikono ya gauni. "Si unakaa hivyo hata siku nzima? Basi kaa, polisi wanakuja."