Kadi Zangu 344 na Mtu wa Msimbazi

Jumapili, 4 Agosti

Arobaini ya rafiki yangu Twalib. Pilau nzuri. Mengine yote aibu.

Twalib alikusanya kadi za wachezaji wa mpira miaka arobaini na zaidi, kama mimi. Zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za bigijii za kutafuna, sura ya mchezaji mbele, maelezo yake nyuma. Leo, baada ya dua, wanawe wamezigawa kama urithi. Kadi moja moja! Mjane moja ya nane. Mtoto wa kiume mbili, wa kike moja. Nimeona timu nzima ya Brazili ikivunjwa mkekani. Golikipa kaenda Nangurukuru. Mabeki wamepanda basi la Dar. Washambuliaji wamebaki na mjane, ambaye kaniuliza kama wanafutika kwa kitambaa cha maji.

Kwangu haitatokea. Naapa.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimepiga hesabu. Nikifa leo naacha kadi 344. Mke wangu Mwanahija anapata 43. Mastura, mtoto wetu wa pekee, nusu, yaani 172. Zinazobaki, 129, zinakwenda kwa mdogo wangu wa Nyangamara, mtu ambaye hajawahi kutazama mechi mpaka mwisho.

Lakini tatizo si mdogo wangu. Tatizo ni Rehani, mume wa Mastura. Ana kibanda cha kuonyesha mpira jirani na soko hapa Kilwa Masoko. Ni mtu wa Msimbazi, shabiki wa wekundu, na hafichi, wakati mimi ni wa Jangwani, mahasimu wao tangu zamani. Kila kinachoingia mkononi mwa Mastura kinaishia kibandani. Jiko la gesi nililompa mwanangu harusini linachemsha chai ya mashabiki wekundu!

Nataka mambo mawili. Kadi zikae pamoja. Rehani asizishike. Siombi makubwa.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda kwa Sheikh Idd. Kanieleza jambo jepesi mno. Mjukuu wangu Hafsa, binti wa Mastura, ana miaka sita na si katika warithi wangu. Niandike wasia kwamba kadi zote ni zake, mradi hazizidi theluthi ya mali yangu, kisha nikalale.

Sikupenda. Wasia unasomwa mwenyewe umeshazikwa. Nani atasimamia? Nikauliza habari ya hiba, zawadi ambayo mtu anaitoa angali hai. Kasema inafaa, hata kwa mtoto mdogo, ila mwenye haki ya kumshikia mtoto mali yake ni...

Sikungoja amalize. Nilishaelewa. Mtoto anashikiwa na mtu mzima. Mtu mzima ni mimi! Kadi zinakuwa za Hafsa kwa jina, zinabaki chini ya kitanda changu, na siku nikifa hakuna cha kugawa.

Wakati mwingine najishangaa.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefanya kweli, barazani msikitini, baada ya sala ya Ijumaa. Nilitaka mashahidi wengi ili asije mtu kukanusha. Walifika kama sitini. Nikasema kwa sauti kwamba kadi zangu zote, 344, nimempa Hafsa, na kuanzia leo naruhusu zikabidhiwe. Watu wakasema mashaallah. Nikainama kubeba sanduku la kadi nirudi nalo nyumbani.

Sheikh Idd akaniuliza taratibu nalipeleka wapi. Nikamjibu nampokelea mjukuu wangu. Akasema Mzee Bakari, wewe ni babu mzaa mama. Mali ya mtoto anashika baba yake, kama yupo.

Alikuwepo. Alikuwa nyuma, jezi nyekundu ikichungulia chini ya kanzu. Akaja, akanipa shikamoo ya kunyenyekea kupita kiasi, akatamka mbele ya watu sitini kwamba amepokea kwa niaba ya mwanawe. Nikalazimika kuitikia marahaba. Akalifunga sanduku nyuma ya pikipiki kwa mpira.

Mashahidi sitini! Ningeita watatu.

Jumamosi, 10 Agosti

Mwanahija kacheka tangu alfajiri. Kasema baba Mastura, umemkimbia mkweo mpaka ukamwangukia mapajani.

Nimepita kibandani kwa Rehani. Sikuingia. Sitaingia. Nimechungulia kwenye upenyo wa makuti. Kadi zangu zote ukutani! Kila moja kaivalisha mfuko wa nailoni, kaupigilia pini pembeni bila kugusa kadi yenyewe. Kazipanga kwa timu na kwa miaka. Zimetulia, hazina hata vumbi.

Ujanja mtupu. Ananionyesha kwamba mimi nilikuwa naziweka vibaya.

Akatoka, akaniona nimeinama. Kaniambia karibu ndani baba, viti vipo, leo hata watu wa Jangwani tunawakaribisha. Vijana wote kibandani wakacheka. Nimemwambia nilikuwa natafuta mbuzi.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimerudi kwa Sheikh Idd. Safari hii nimekaa mpaka mwisho, nusu saa. Kumbe babu akimpa mjukuu hiba anaruhusiwa kutengua kauli yake na kuichukua tena, maadamu kitu bado ni cha mjukuu. Akaongeza kwamba inaruhusiwa, ila haipendezi. Nikamwambia mimi kupendeza niliacha zamani.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimetengua kauli, baraza ileile. Watu wachache wamesema mashaallah. Wengine wametazama viatu vyao.

Rehani hakubisha. Kasema haya baba, lakini mwambie mwenye mali mwenyewe. Tumekwenda kibandani. Hafsa alikuwa amekaa chini ya ukuta na rula mkononi kama mwalimu. Kaanza kunisomea: huyu kipa wa Peru, huyu beki wa Kameruni, huyu babu alimpata kwa kubadilisha na embe. Amewajua wote kwa wiki moja. Kuhusu kipa wa Poland, ambaye miaka yote nilimhesabu kama beki, Hafsa amenirekebisha. Nimegeuza kadi, nimesoma nyuma. Kweli kipa.

Nimemwambia nazichukua. Kauliza nazipeleka kwa nani. Nimesema pazuri. Kauliza huyo mtu anawajua majina? Nimemwambia Rehani alete sanduku.

Rehani alizitoa moja moja, na nailoni zake, kanisaidia kufunga sanduku. Kasema nailoni nibaki nazo, zawadi yake kwangu. Nimezivua zote mara nilipofika nyumbani. Sitaki deni la fadhila kwa mtu wa Msimbazi.

Mwanahija kasema bado wasia haujachelewa, karatasi moja tu, Hafsa apewe, Rehani amtunzie, maana hakuna mtu Kilwa nzima aliyewahi kuzitunza hivyo. Mke wangu naye kashanunuliwa.

Jumapili, 18 Agosti

Imekwisha! Leo nimekwenda Kiranjeranje, shambani kwetu, na jembe. Nimechimba kina cha kiuno. Nimelizika sanduku mwenyewe, nikafukia, nikatandaza majani makavu ya mkorosho juu. Sijaweka alama. Mahali najua mimi peke yangu, na nikifa hajui mtu. Hakuna fungu, hakuna baba wa mtoto, hakuna mjane na kitambaa cha maji. Kadi 344 pamoja, milele. Twalib angelia kwa wivu.

Mgongo unauma. Nafsi imetulia.

Mwanahija kaniuliza tu sanduku lile ni la bati au la mbao. Nimemwambia mbao, mbao laini nzuri, na ndani nimetandika magazeti. Akaniuliza kama nimesahau mchwa wa Kiranjeranje, waliokula mlango wa ghala msimu uliopita.

Nimemjibu kwamba mchwa si katika warithi. Amwulize Sheikh Idd.